Gari ya Nungwi, Saa Saba za Usiku

Programu yetu ya ratiba za daladala za Unguja ni huria: msimbo wake uko wazi GitHub, kila mwenye nia njema anatia mkono. Balaa lilianzia hapo. Kuna kijana wa Malindi anayeandika kila kitu kwa Kiswahili, mwenzetu wa Maskati anayeandika kwa Kiingereza, dada mmoja wa Fuoni anayechanganya zote mbili ndani ya neno moja, na mimi, niliyepewa kazi ya kusoma waliyoandika wengine na kupandwa na presha.

Fungua faili la magari. Utakutana na “gari”, kisha “gari2”, kisha “gari2_mpya”, na chini kabisa “gari2_mpya_kweli”. Inayotumika ni “gari2”. Usiniulize.

Kwenye faili la nauli kulikuwa na kigeu kikiitwa “asha”. Asha alikuwa mchumba wa kijana wa Malindi, na kwa kuwa alikuwa akimwaza mchana kutwa, nauli zote za kisiwa, tangu 505 ya uwanja wa ndege hadi 309 ya Jambiani, zilihifadhiwa ndani ya Asha. Uchumba ukavunjika. Usiku ule ule kijana akaiamuru kompyuta ifute “asha” kila inapolikuta, iweke “nauli”. Kompyuta haina huruma, wala haijui neno linaanzia wapi na kuishia wapi. Kulipokucha, Jambiani ikawa iko pwani ya kusini mnauliriki, na kitufe cha kuwasha ramani kimeandikwa “Wnauli”. Dada wa Fuoni alicheka mpaka akakaa chini. Kijana hakucheka.

Lakini kesi kubwa ilihusu namba 6. Kijana, kama mtu yeyote aliyezaliwa huku, gari ya saa moja asubuhi aliiandika 1. Kompyuta ikisoma 1 inaelewa saa saba za usiku. Dada wa Fuoni alipoligundua hilo akaongeza 6, kimya kimya. Mwenzetu wa Maskati naye akaongeza 6 yake kwenye faili jingine, kimya kimya vile vile, gari zikawa zinaondoka saa saba mchana. Mtu akapunguza 6 mahali pa tatu, mambo yakanyooka. Pembeni ya mojawapo ya hizo sita paliandikwa maneno haya tu: “hii usiiguse”. Kwa nini? Sita gani? Siku sita? Abiria sita? Akaja mchangiaji mgeni, mpenda usafi, akaiona takataka, akaifuta. Siku hiyo 116 ya Nungwi ikatangazwa kuondoka saa saba za usiku, na mtalii mmoja, mtu wa kuamini maandishi, akafika kituoni na begi lake mgongoni. Alikuta paka na mlinzi. Mlinzi, Mungu ambariki, alimpa chai.

Wakubwa nao yamewapata. Mwaka 1999 NASA ilikipoteza chombo chake cha Mars Climate Orbiter kwa sababu programu moja ilitoa hesabu za msukumo kwa pauni na nyingine ikazisoma kama niutoni. Sisi tumepoteza usingizi wa mtalii tu.

Na wakati haya yote yanatokea, unajua tulikuwa tunagombania nini? Nafasi. Mwanzo wa mstari ubonyeze Tab, au upige nafasi nne? Ugomvi ulihamia Jaws Corner, kwenye kahawa na kashata. Kijana akaja na PEP 8, waraka wa mwaka 2001 wa Guido van Rossum, muasisi wa lugha ya Python, na wenzake: nafasi nne, na mstari usizidi herufi 79. Mwenzetu wa Maskati, kwenye simu, akamjibu kwa Linux, ambayo kanuni zake zinataka Tab yenye upana wa herufi nane, na zinaanza kwa kumshauri msomaji achapishe kanuni za GNU, asizisome, azichome moto. Mzee mmoja aliyekuwa akicheza dhumna uvumilivu ukamwisha.

“Wanangu, hiyo mashine inaona tofauti?”

“Haioni, babu, alimradi usichanganye.”

“Basi punguzeni sauti, nahesabu hapa.”

Tulichofanya ni kuikabidhi kazi hiyo Black, programu aliyoianzisha Łukasz Langa mwaka 2018. Sifa yake ni ukaidi. Inaipanga mistari itakavyo yenyewe, kwa kawaida mwisho herufi 88, na haikuachii mengi ya kuchagua. Ugomvi wa nafasi ukafa siku ile ile, na nakiri nilikuwa naufurahia.

Majina, lakini, hakuna mashine ya kukusaidia. Black inaweza kuipanga “gari2_mpya_kweli” ikakaa vizuri ajabu, na bado usijue ni gari gani. Hapo inabidi mtu amuulize mtu: yakhe, hii sita ni nini? Sasa imebaki moja, mahali pamoja, na inaitwa “tofauti_ya_saa_za_kiswahili”. Jina refu, naam. Hakuna aliyeifuta tena.

Kazi bado ipo: njia za kusini hazijakamilika, na “gari2” bado ndiyo inayotumika. Msomaji mwenye ujuzi, karibu utie mkono. Saa ziandike kwa mtindo wa saa 24, endesha Black kabla hujatuma, na kigeu usikipe jina la mtu anayeweza kukuacha.