Majibu kwa Wenye Simu na Dhiki Zao

Barua zilizofika mwezi huu ni nyingi, na kama ilivyo ada, walioandika kulalamikia watu wanaowapeleleza ni wengi mno kuliko walioandika kukiri kuwa nao hupeleleza. Nimechagua chache ambazo majibu yake, kwa kadiri ya akili yangu, hayatavunja ndoa ya mtu.

*Wifi yangu akiniandikia WhatsApp asubuhi, haupiti muda ila hupiga simu kuuliza kwa nini tiki mbili zimegeuka buluu nami sijajibu. Wakati huo nakuna nazi. Nifanyeje? — Mke Mwema, Chumbageni, Tanga*

Mwanangu, tiki hizo zilianza kupata rangi mwezi Novemba 2014, na tangu hapo mawifi wamemiliki silaha ambayo mama zao hawakuiota, kwa kuwa zamani barua ilipochelewa kujibiwa lawama yote ilibebwa na posta. Dawa ipo: fungua mipangilio, ingia mahali pa faragha, uzime taarifa ya kusomwa kwa ujumbe. Lakini kabla hujaizima yakupasa kulijua sharti lake, kwamba afichaye yake naye hufichwa ya wenziwe. Hutajua tena kama mumeo amesoma ujumbe wako wa mchana, wala kama fundi cherehani aliye na kitambaa chako cha Idi amekusoma akanyamaza. Wengi niliowashauri wazime waliwasha tena kabla ya Ijumaa. Katika kikundi cha ukoo kuzima huko hakufai kitu, maana humo aliyesoma huonekana vilevile. Basi usome ujumbe wa wifi juu ya skrini unapoingia, bila kuufungua, na tui likiisha kuchujwa umjibu kwa maneno matamu.

*Nilikopa shilingi 50,000 kwa programu ya simu, nikapokea 35,000, na baada ya wiki nikadaiwa 50,000 kamili. Muda ulipopita kwa siku moja, mama mkwe wangu, imamu wetu na fundi aliyenitengenezea friji mwaka juzi wote waliletewa ujumbe kwamba mimi ni tapeli. Namba zao walipewa na nani? — Mwenye Fedheha, Magomeni, Dar es Salaam*

Walipewa na wewe, ndugu yangu, na nasema hivyo kwa huzuni. Nyumba ya pwani, ile yenye baraza nje, daka mlangoni na ukumbi ndani, ilijengwa kwa hekima kwamba mgeni asiyejulikana apewe kahawa barazani, azungumze atakalo, kisha aende zake bila kujua idadi ya vitanda. Programu hiyo ilipokujia haikuvunja dirisha. Ilipiga hodi kwa adabu zote, ikakuuliza kwa maandishi yanayosomeka kama wairuhusu kuona majina yaliyomo simuni, kama wairuhusu kusoma jumbe zako, kama wairuhusu kujua ulipo, nawe kwa haraka ya mwenye shida ukabonyeza Ruhusu, Ruhusu, Ruhusu, mgeni akapita daka, akapita ukumbi, akafika chumba cha ndani na kunakili kila jina alilolikuta, la mkwe kwa la fundi. (Nimepata kuiona tochi ya simu ikiomba majina ya watu. Tochi, ambayo kazi yake ni kumulika!)

Hasha, simtetei mdai wako. Anayekata 15,000 kabla mkopo haujafika mkononi, kisha akatoza riba ya fedha ambayo hukuipata, ana mengi ya kujibu hata kabla hajafika kwa mama mkwe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, yataka taarifa za mtu zikusanywe kwa kusudi la halali lililowekwa wazi, nami sioni kusudi la halali linalomwingiza fundi wa friji katika deni lako. Ipo Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya kupokea malalamiko hayo. Tena mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Itafute, utazame kama mdai wako yumo. Hifadhi picha ya kila ujumbe wa matusi, maana huo ndio ushahidi. Kisha ingia katika mipangilio ya simu, uinyang'anye kila programu ruhusa isiyoistahili, ukijua kwamba kuifuta programu hakufuti kilichokwisha kunakiliwa.

Kwa upande wa mama mkwe hakuna tume. Nenda mwenyewe alasiri na mkate wa kumimina, useme kabla hajakuuliza.

*Huletewa ujumbe usemao "Ile pesa itume kwenye namba hii." Nimezoea kumjibu mmoja wa hao matapeli, na sasa huniuliza hali ya mguu wangu. Je, nakosea? — Mstaafu, Morogoro*

Upweke wa kustaafu naufahamu, na huenda huyo ndiye pekee anayekusikiliza. Hata hivyo upeleke ujumbe wake kwa namba 15040, iliyowekwa kwa kazi hiyo, kisha ubonyeze *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, kwani laini usiyoijua ikitapeli watu, jina litakalotafutwa ni lako. Na huyo anayekuuliza mguu, usimwambie ni upi.

*Mjukuu wangu aliye Maskati huniita kwa video, nami humwonyesha nyumba yote, hata mbuzi. Asema niweke neno la siri ili mwizi asiingie simuni. Nimeliweka, lakini nalisahau, basi nimeliandika nyuma ya simu kwa wino. Neno lenyewe ni —. Je, latosha? — Bibi wa Wete, Pemba*

Shikamoo, Bibi. Zamani habari za mjukuu wa Maskati zilisubiri jahazi, na jahazi likasubiri kaskazi. Leo mnaonana kabla chai haijapoa, japo nasikia yeye huona zaidi paji lako la uso na boriti za dari. Mbuzi muonyeshe kwa raha zako.

Kuliandika neno la siri si dhambi kama vijana wanavyodai, maadamu limeandikwa mahali pake. Litie katika daftari, daftari ulitie kashani, maana mwizi wa mtandaoni aliye mbali hawezi kulifungua kasha la Wete, ilhali mwizi wa sokoni atakayeichukua simu ataondoka na kufuli na ufunguo pamoja. Mwaka wa kuzaliwa usiutumie hata kidogo, kwani namba ya NIDA huanza na tarehe ya kuzaliwa, nayo namba hiyo huombwa kila dirisha. Chagua maneno manne yasiyo na udugu, uyaunganishe.

Neno ulilonitajia nimelifuta kabla barua haijaenda kwa mpiga chapa, lakini bahasha ilinifikia bila gundi, na aliyeileta alikuwa akitabasamu. Libadilishe leo hii, na hilo jipya usiniletee nilisahihishe.