Inapiga Picha au Inachora?

Kwenye sendofu, kipande cha keki hukaa hewani kwa muda mfupi sana. Bibi harusi anakichoma kwa kijiti, anakinyanyua, anakizungusha mbele ya mdomo wa mama yake, ambaye kwangu ni mama mdogo, ili watu wacheke, MC anahesabu, na kabla hajafika tatu mama ameshatafuna. Hapo zinatakiwa picha tatu: kijiti kikiwa njiani, mdomo ukiwa wazi, na wanapokumbatiana. Kamera yangu ilinipa ya kijiti, ikawasha kitaa chekundu karibu na mlango wa kadi, ikanyamaza. Ilipozinduka, mama mdogo alikuwa anajifuta midomo.

"Rudieni!" aliamuru shangazi kutoka meza ya mbele. Wakarudia. Kamera ikanyamaza tena. Mama mdogo alilishwa keki mpaka akaomba maji.

Ukumbi mzima ukageuka hospitali na kila mtu daktari. Baba mdogo alisema kamera ina virusi. Binamu akashauri niizime na kuiwasha, dawa anayoitoa kwa kila kitu, hata kwa gari lake. Mjumbe mmoja wa kamati alitaka nichomoe kadi niipulizie, kama tulivyofanyiana utotoni mtu akiingiwa na mdudu jichoni. Nilipofika meza ya shangazi nilidhani heshima itaniokoa.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Hiyo kamera yako inapiga picha au inachora?"

Nilijitetea kwa historia. Nikamweleza kwamba mwaka 1975 mhandisi Steven Sasson wa Kodak, kule Marekani, aliunda kamera ya kwanza ya dijitali ya kushika mkononi, ikawa inatumia sekunde 23 kuandika picha moja kwenye mkanda wa kaseti. Tena picha yenyewe haikuwa na rangi, na ilikuwa na nukta 10,000 tu. Kwa hiyo sekunde nane ambazo kamera yangu inatumia kwa picha moja ni maendeleo makubwa. Shangazi akauliza kama huyo Sasson naye alikuwa anapiga sendofu.

Shida ya kamera nzito ni kwamba sababu ziko nyingi na kwa nje zote zina sura moja: unabonyeza, kimya. Inabidi uzitoe moja moja kama mtu anayechambua mchele. Kamera nyingi zina kipengele kwenye menyu kinachoziruhusu kupiga hata kama hazina kadi. Nilipofika nyumbani nilichomoa kadi, nikabonyeza nikielekeza kwenye friji, na kamera ikatema picha mfululizo kwa furaha ambayo sikuwahi kuiona. Mshtakiwa wa kwanza akawa amepatikana.

Ile kadi ilikuja na kamera, nyongeza ya muuzaji, na kamera yenyewe ni yuzdi kutoka Japani. Usoni ina namba 4 ndani ya duara. Maana yake, kiwango inachoahidi kuandika ni megabaiti 4 kwa sekunde. Sasa mwenye kamera wa kwanza, popote alipo, alipenda kuhifadhi kila picha mara mbili, faili ghafi la RAW na JPEG pamoja. Faili ghafi peke yake lilikuwa karibu megabaiti 25, na JPEG ikaongeza kama saba. Gawanya kwa nne. Picha za mwanzo zilikuwa zinatoka upesi kwa sababu kamera ina kumbukumbu yake ya ndani ya kuzipokea. Kumbukumbu hiyo ikijaa, kila picha mpya inangoja ya mbele yake iandikwe kwenye kadi. Ndiyo maana mtu anaijaribu kamera dukani, anapiga mbili tatu, anasifu, analipa.

Kununua kadi nzuri nako kuna mitihani yake. Namba kubwa inayong'aa usoni, megabaiti 95 kwa sekunde na kuendelea, mara nyingi ni kasi ya kusoma, yaani siku unahamishia picha kwenye kompyuta. Kasi ya kuandika, ambayo ndiyo inayomwokoa mama mdogo, iko kwenye alama ndogo pembeni kama V30 au U3: hizo mbili zinaahidi angalau 30. Muuzaji niliyemuuliza tofauti ya U1 na U3 aliniambia U3 ni toleo jipya. Nikamshukuru nikaichukua U3, maana jibu lilikuwa la uongo lakini ushauri ulikuwa sahihi.

Kadi mpya ikaingia, kamera bado ikawa inasuasua kila flashi inapowaka. Hapo ndipo nilipokutana na Kijapani. Kuna kamera zinazouzwa kwa soko la Japani tu na menyu yake haina lugha nyingine, na yangu ni mojawapo. Binamu akaielekezea simu yake itafsiri, na simu ikatusomea mambo ya ajabu, lakini tukakuta mchoro wa jicho. Kipengele cha kuzuia macho mekundu kilikuwa kimewashwa. Kinachofanya ni kumulika mwanga wa awali ili mboni za watu zisinyae, halafu, baada ya muda, ndiyo kinapiga picha yenyewe.

Kwa wazee wetu hili ni janga. Mzee anawekwa sawa, anashika fimbo, anavuta pumzi, mwanga unawaka: kwake picha imeshapigwa. Tabasamu linarudishwa mahali pake. Anageuka kutafuta kiti. Ndipo shata inafunguka. Nina mkusanyiko mzuri wa migongo ya ukoo wetu, na upande wa babu umepambwa na koti lenye lebo ya fundi ikining'inia shingoni. Tulipozima kile kijicho, nilianza kupata nyuso.

Betri ni kesi ya kamati. Flashi ya juu inakula betri nne ndogo, na kamati ya harusi, ikiwa na bajeti ya mapambo inayotisha, ilikataa betri za kuchaji ikaleta za bei ya chini kuliko zote sokoni. Betri za namna hiyo zinaweza kuendesha saa ya ukutani mwaka mzima. Flashi inataka umeme mwingi kwa mkupuo ili ijijaze upya baada ya kila mwanga, na betri dhaifu hazina pumzi hiyo. Unasikia flashi ikipiga mluzi mwembamba, kwiiiii, huku ukingoja taa ya tayari iwake. Betri za kuchaji za NiMH zina volti 1.2 wakati zile zina 1.5, na bado zinaijaza flashi haraka zaidi, kwa kuwa zinatoa umeme bila kusitasita. Mhasibu wa kamati aliona 1.2 ni ndogo kuliko 1.5, akafunga mjadala.

Sijagusa taa za zambarau ambazo wapambaji wanazipenda. Chini ya taa hizo, lenzi ikikosa kitu chenye mpaka ulio wazi inakwenda mbele, inarudi nyuma, na kamera inakataa kupiga mpaka ione vizuri. Ielekeze kwenye kola ya shati jeupe juu ya koti jeusi, itatulia.

Harusi yenyewe nilikwenda nimejiandaa: kadi ya kasi, JPEG peke yake, kijicho kimezimwa, betri za kuchaji nilizonunua kwa pesa yangu. Keki ikatoka, nikapata kijiti, mdomo na kumbatio. Ikaja meza kwa meza kugonganisha glasi na maharusi, nikapiga bila kupumzika, baba mdogo akitangazia watu kwamba virusi vimetoka. Wakwe wanaanza kupanga mstari, flashi ikawa ya moto mkononi, ikawasha alama ya joto na kugoma. Ndivyo zilivyotengenezwa: ukizipigisha mfululizo zinajizuia zisiungue, mpaka zipoe. Mstari wa wakwe umesimama, wamenyoosha makoti, wanatabasamu. MC akanitazama. Nikamtazama MC.

Akatangaza chakula.