Dokta, Tunaomba Utufundishe

Mwenzangu wa ofisi ya jirani ndiye mwalimu bora wa idara. Si mimi nisemaye, ni wanafunzi wenyewe, kwenye zile fomu za tathmini wanazojaza mwisho wa muhula. Jamaa anaingia ukumbini, anachomeka flashi, anasoma slaidi kutoka juu hadi chini kwa sauti ya mtangazaji wa taarifa ya habari, anachomoa flashi, anaondoka. Hakuna aliyeulizwa kitu, hakuna aliyeaibika, na slaidi zimeshafika kwenye grupu la WhatsApp kabla yeye hajafika kwenye ngazi. "Anaelezea vizuri sana," wanamwandikia. "Mungu azidi kumbariki."

Mimi wananiandikia kwamba sifundishi.

Ngoja nilisome shtaka lenyewe. Nina darasa la fizikia mwaka wa kwanza, somo la nguvu na mwendo. Nikishaeleza jambo kwa muda mfupi, nanyamaza, natoa swali, kila mtu analijibu peke yake kimyakimya, kisha nawaambia: haya, mgeukie jirani yako mbishane. Basi. Huko ndiko kutofundisha.

Maswali yenyewe si ya kutisha. Lori la mchanga limegongana uso kwa uso na bajaji. Pale pale kwenye kugongana, nani kamsukuma mwenzake kwa nguvu kubwa zaidi? Ukumbi mzima: lori! Wanashangaa hata nimewauliza kwa nini. Mtu kaiona kwa macho yake bajaji iliyokunjamana kando ya barabara, leo mtu mzima mwenye shahada tatu anauliza nani kamsukuma nani. Sasa msimamishe yeyote umwambie ataje kanuni ya tatu ya Newton. Ataitaja bila kupepesa, kwa Kiingereza kilichonyooka, kama alivyoimeza sekondari: kwamba kitu kikikisukuma kingine, nacho kinasukumwa kwa nguvu ileile kuelekea upande wa pili. Makofi. Anakaa. Mrudishe kwenye ajali yetu, atakwambia ni lori.

Vichwa hivi ni nyumba ya vyumba viwili visivyopitana, kimoja cha mtihani na kingine cha maisha. Newton amepangishwa kile cha mtihani, na kodi anailipa mara moja kwa muhula. Kwamba nguvu ni zilezile, ila bajaji ni nyepesi na kwa hiyo mwendo wake unabadilika ghafla zaidi kuliko wa lori, jambo hilo halijapata pa kulala.

Na msidhani ni ugonjwa wa shule zetu za kata. Yupo profesa wa fizikia pale Harvard, Eric Mazur, aliyeanza kufundisha chuoni hapo mwaka 1984. Wanafunzi walimpenda, fomu zake zilijaa sifa kama za jirani yangu, na mahesabu magumu walikuwa wakiyafumua. Siku moja akasoma kuhusu jaribio lililotungwa na wenzake wa Arizona, maswali mepesi kabisa ya aina ya lori na gari dogo, akawapa wanafunzi wake. Mmoja akamuuliza ajibu vipi: kama alivyofundishwa, au kama anavyofikiri mwenyewe? Mtu kalipa ada ya Harvard huyo! Kuanzia mwaka 1991 Mazur akageuza darasa likawa la maswali, wanafunzi wakielezana wao kwa wao. Sababu yake naipenda: aliyeelewa jambo dakika mbili zilizopita bado anakumbuka alipokwama, wakati profesa ameshasahau kwamba aliwahi kukwama.

Nilipoyaanzisha mambo hayo kwetu, haukupita muda CR, mwakilishi wa darasa, akabisha hodi.

"Shikamoo, Dokta."

"Marahaba. Karibu, kaa."

"Ahsante Dokta, nitasimama tu."

Ukiona CR hataki kiti, jua ametumwa.

"Dokta, samahani sana. Darasa limenituma. Kwa heshima zote, wanaomba utufundishe."

"Kwani huwa nafanya nini?"

"Huwa unatuuliza, Dokta. Sasa tungekuwa tunajua, tungekuja chuo?"

Nikamwambia ndiyo maana nawapa nafasi ya kusikilizana na jirani.

"Jirani naye hajui, Dokta. Wawili wasiojua wanaelezana nini?"

Kijana ana hoja, nami nilikuwa nimejiandaa. Nikamweleza kwamba swali lake hilohilo walijiuliza watafiti wa Chuo Kikuu cha Colorado, na majibu wakayachapisha mwaka 2009 katika jarida la Science. Darasa lilikuwa la jenetikia. Wakakuta kwamba hata kikundi ambacho hakikuwa na mtu hata mmoja mwenye jibu sahihi, kikishabishana, kinaliweza vizuri zaidi swali jingine la aina hiyo hiyo. Kumbe ubishi wenyewe unafanya kazi. CR alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akauliza: "Kwa hiyo Dokta, slaidi utatuma lini?"

Kinachoniuma ni kwamba watu hawa hawa, jioni, wako kwenye vimbweta, yale mabenchi ya zege ya kujisomea. Pita saa nne za usiku uwaone, wanafunzi sita, simu moja inamulika, mmoja amesimama na chaki ya wizi anachora mishale kwenye zege, mwingine anampinga kwa Kiswahili kikali, "we, acha uongo, hiyo nguvu imetoka wapi?" Wanafanya kile kile ninachowaomba wafanye saa nne asubuhi. Kwenye kimbweta kinaitwa kupiga msuli. Ukumbini, mbele ya mtu anayelipwa mshahara, kinaitwa mwalimu kukwepa kazi.

Tena wataalamu wameshayapima haya malalamiko yao. Mwaka 2019 Louis Deslauriers na wenzake, Harvard hapo hapo, waliwagawa wanafunzi wa fizikia: hawa wakapewa mhadhara mtamu wa mwalimu hodari, wale wakasugua vichwa kwa maswali na vikundi, mada ile ile, maandishi yale yale. Kisha wakabadilishana. Kwenye jaribio, waliosugua vichwa wakaongoza. Walipoulizwa nani amejifunza zaidi, waliokaa kusikiliza mhadhara ndio waliojiona wameshiba. Nimeyaprinti matokeo hayo nikayabandika mlangoni kwangu, upande wa nje. Jirani anapita kila asubuhi, ananisalimia kwa furaha.

Na utafiti wa mwaka 2014 wa Scott Freeman na wenzake ndio sitaki hata kuwaonyesha wakuu wangu, maana wataniundia kamati. Walikusanya tafiti 225 za masomo ya sayansi, uhandisi na hisabati vyuoni. Palipokuwa na mhadhara mtupu, waliofeli walikuwa karibu asilimia 34. Pale wanafunzi waliposhughulishwa, karibu 22. Kwetu hapa tofauti hiyo ni watu wengi wanaokula sapu, yaani mitihani ya marudio, wakati wenzao wako likizo.

Wakuu wenyewe walituletea semina ya mbinu shirikishi. Mwezeshaji alikaa mbele yetu kutwa nzima akitusomea slaidi kuhusu ubaya wa kusoma slaidi. Alipofika kwenye ile isemayo mwanafunzi asikae kimya zaidi ya robo saa, nusu ya wahadhiri walikuwa wamelala, na aliyenyoosha mkono aliambiwa maswali ni baada ya chakula. Baada ya chakula ilikuwa posho. Jirani yangu alisaini, akasema semina ilikuwa nzuri sana, jamaa anaelezea.

Vifaa ndiyo usiseme. Harvard walikuwa na vidude vya kubonyeza, majibu yanatokea kwenye kioo papo hapo. Mimi nilinunua manila kwa pesa yangu, rangi nne, nikakata kadi nikagawa: nyekundu jibu A, bluu jibu B, na kuendelea. Ukumbi umejaa mpaka madirishani, viti vimefungwa sakafuni vyote vinatazama mbele, kwa hiyo kumgeukia jirani kunahitaji shingo ya bundi. Wiki ya pili feni zikagoma. Nikiuliza swali naona kadi za rangi zote zinapepea, sijui wanajibu au wanajipepea. Wa nyuma kabisa wamezitumia kualamisha Biblia na Msahafu, na hilo siwezi kulikemea.

Halafu kuna mgeni rasmi. Wiki ya sayansi haipiti bila mgeni rasmi kumtaja Erasto Mpemba, fahari ya taifa. Sawa, ni fahari kweli. Mwaka 1963 kijana wa kidato cha tatu pale Magamba, Lushoto, anatia maziwa ya moto kwenye friza kutengeneza aiskrimu, yanaganda kabla ya yaliyopoa. Anamuuliza mwalimu, anaambiwa amechanganyikiwa. Baadaye yuko Mkwawa, Iringa, anakuja mgeni kutoka chuo kikuu Dar es Salaam, Denis Osborne, kijana anauliza tena. Wenzake wakamcheka. Osborne akaenda kulijaribisha, na mwaka 1969 wawili hao wakalichapisha. Wanafizikia wanalibishania mpaka leo. Mgeni rasmi hupiga mbio pale penye kicheko, akakimbilia penye makofi. Mimi nakijua kicheko kile. Kwangu mwanafunzi akinyoosha mkono dakika tano kabla ya saa kwisha, ukumbi mzima unaguna "aaaah!", kwa sababu swali linachelewesha wali maharage.

Mwisho wa muhula nikaweka swali la chungwa. Tulilifanya darasani mpaka likachakaa: unarusha chungwa juu, limeshatoka mkononi, bado linapanda, nguvu gani zinalishika? Mwanzoni wote walisema nguvu ya mkono bado imo ndani, inapungua polepole mpaka inaisha. Wakabishana, kadi zikapepea, wengi wakafika: uzito wake tu, kuelekea chini, ukiacha hewa. Siku ile nilikula chakula cha mchana nikiwa na raha. Kwenye mtihani, ili nisionekane mvivu, nikaandika nazi.

Matokeo yalipotoka, CR alikuja. Safari hii alikaa.

"Dokta, darasa limenituma. Lile swali la tatu."

"Lina nini?"

"Chungwa tulifundishwa, Dokta, hatukatai. Nazi hukutufundisha."