Mraba wa Tano

Waliotuletea elimu ya kupanga muda, naapa, hawajawahi kuwekwa kwenye kamati ya harusi. Wangekuwa wamewekwa, karatasi yao isingeishia miraba minne.

Karatasi yenyewe nimeibandika kwenye friji. Mraba wa kwanza ni wa mambo muhimu na ya haraka, wa pili muhimu yasiyo ya haraka, wa tatu ya haraka yasiyo na umuhimu, na wa nne ni wa kutazama video za watu wanaosafisha mazulia. Inaitwa kwa jina la Eisenhower, rais wa Marekani aliyeligusia wazo hilo katika hotuba ya mwaka 1954. Stephen Covey akalieneza kwa kitabu chake cha 1989. Wazee hawa wanasisitiza kwamba maisha yanajengwa kwenye mraba wa pili. Nami wa kwangu naujua: mitihani ya uhasibu. Nimejipangia kusoma kila siku, saa 2 hadi saa 4 usiku.

Basi ikaja harusi. Si ya ndugu, ni ya binti wa rafiki wa shangazi. Lakini shangazi alipiga simu: "Mwanangu, si wewe ndiye unayejua mahesabu?" Nikawa mhazini msaidizi.

Tangazo la kikao lilisema saa 11 kamili jioni, muda utazingatiwa. Nilimkuta mhudumu peke yake, anafuta viti. Nikampigia mwenyekiti. "Nipo hapo nje, dada, naegesha gari." Nyuma ya sauti yake kondakta alikuwa anaita abiria wa Mbagala.

Tulianza saa 1 na nusu usiku. Sehemu kubwa ya kikao ikaenda kwenye sare: dhahabu au shampeni? Sampuli mbili za kitambaa zikapita mkono kwa mkono, kila mtu akazipeleka kwenye taa, akakunja uso kitaalamu, na zilipomrudia mhazini hakuna aliyejua ipi ni ipi. Tukapiga kura hivyo hivyo. Shampeni ikashinda.

Hapo ndipo nilipouona mraba wa tano: mambo yasiyo muhimu kwako wala ya haraka, ila usipoyafanya kuna mtu atanuna. Na shangazi akinuna, ananuna mpaka mtoto wako aolewe. Tena simlaumu. Tulipofiwa na baba, hawa hawa wa shampeni ndio waliolala kwenye mikeka uani na kusonga ugali wa watu wasiohesabika. Hakuna aliyeuliza msiba wetu uko mraba gani.

Nikarudi nyumbani, nikafungua kitabu kwenye sura ya uchakavu wa mali. Sijamaliza aya, jirani akapaza sauti dirishani: "Maji hayooo!" Mtaani kwetu maji ni ya mgao, na yana tabia ya kuja usiku kama mgeni asiyetaka kuonekana. Madumu, ndoo, sufuria ya pilau, mpaka beseni la mtoto, vyote vikapanga foleni bombani. Nikajifariji kwamba hata Eisenhower alisogeza mashambulizi ya Normandy kutoka tarehe 5 hadi 6 Juni 1944 kwa sababu ya hali ya hewa. Kama jenerali mwenye majeshi yote yale alisubiri mawingu, uchakavu wa mali utasubiri maji.

Siku hizi nakwenda kikaoni na kitabu. Nafika saa 11 kamili, naagiza soda, nasoma. Mpaka mwenyekiti amalize kuegesha, sura imekwisha na maswali nimejibu. Sijawahi kupata maktaba tulivu namna ile.

Ila Alhamisi iliyopita mwenyekiti alipata lifti, akatokea saa 11 na dakika 5, anatabasamu, anataka tuanze. Nilimnunia kikao kizima.