Sifa za Kifungu cha Fidia

Mhandisi husifiwa kwa daraja lisiloyumba, fundi kwa ukuta ulionyooka. Kifungu cha fidia, kilichojibanza katikati ya mkataba wa ujenzi ambako hakuna anayefika akisoma, hakijawahi kupata hata asante. Dhuluma hiyo ikome leo.

Tuanze na ukarimu wake. Mkandarasi anaahidi kumkinga mwenye mradi dhidi ya madai yote, hasara zote na gharama zote, za mawakili zikiwemo, zitokanazo kwa namna yoyote na kazi hiyo. Hizo “zote” zimejipanga kama wageni wa harusi wasio na kadi: hakuna aliyewaalika, lakini kila mmoja atakula. Mkandarasi naye si mchoyo. Anakinakili kifungu kilekile na kumkabidhi mkandarasi mdogo, naye anamshushia fundi wa vioo. Jengo likipanda, lawama inateremka.

Ila uzuri wake hasa ni kuona haya. Mwaka 1944, bandarini Montreal, Kanada, watumishi wa serikali walikuwa wakitengeneza mlango wa banda la mizigo ambalo serikali ililikodisha kwa kampuni ya Canada Steamship Lines. Drili ya mkono ingetosha. Wao wakashika moto wa gesi wa kukatia chuma. Cheche zikarukia marobota ya pamba, banda likateketea na mizigo ya watu. Wenye mali walipodai, serikali ikafunua mkataba: mpangaji si aliahidi kutukinga? Kesi ikapanda hadi Baraza la Faragha, mahakama ya rufaa kule London, na mwaka 1952 serikali ikashindwa. Ukitaka mwenzako abebe uzembe wako, walisema majaji, utaje. Maneno mapana hayatoshi ikiwa yanaweza kulenga jambo jingine.

Kumbe kifungu kinachodai dunia nzima kinashindwa kutamka maneno mawili tu: uzembe wangu. Na mwandishi wake si mjinga. Andika waziwazi “nikizembea mimi, utalipa wewe”, uone mkandarasi atakavyoiweka kalamu chini, au atakavyopandisha bei. Afadhali upana usemao yote bila kusema lolote, saini ipatikane, mahakama tutaijua mbele.

Texas hawakukihurumia. Katika shauri la Ethyl dhidi ya Daniel Construction la 1987, Mahakama ya Juu ya jimbo ilitaka uzembe huo utajwe bayana ndani ya mkataba wenyewe. Mwaka 1993 ikaongeza sharti: kifungu kionekane, kisifichwe kwenye maandishi madogo. Tangu hapo mikataba ya huko hukichapa kwa herufi kubwa, nene, na mwenye haya wetu akajifunza kupiga kelele. Hatimaye bunge la jimbo likakibatilisha kwa mikataba mingi ya ujenzi kuanzia 2012, lakini likakiachia mlango mmoja: madai ya majeraha ya wafanyakazi wa yule yule aliyeahidi. Anayedondoka jukwaani, basi, bado anaweza kumwangukia mwajiri wake, hata kama aliyezembea ni mwenye mradi.

Afrika Mashariki, kwenye barabara zinazojengwa kwa kitabu chekundu cha 1999 cha FIDIC, mkataba wa mfano wa shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri, kipo kifungu cha 17.1 kilichofunzwa adabu. Mkandarasi anamkinga mwajiri, yaani mwenye mradi, kwa majeraha yanayotokana na kazi, isipokuwa mwajiri ndiye aliyezembea. Na mwajiri naye anajifunga kumkinga mkandarasi kwa makosa yake. Ni haki tupu, kwa hiyo hakina la kusifiwa.

Mapenzi yangu yako kwa ndugu yake wa kienyeji, ukurasa mmoja uliotolewa fotokopi mara nyingi hadi herufi zimefifia, ambao fundi wa vioo anatia saini akiwa amesimama. Humo anajifunga kumkinga mwenye ghorofa kumi na mbili dhidi ya madai yote, popote na milele. Mali yake ni ngazi, drili na simu. Tuseme mahakama imekikubali kifungu, haya zimekiisha, uzembe umetajwa. Hukumu ikikazwa, dalali wa mahakama ataondoka na ngazi.