Jinsi ya Kupata Sifa za Amplifaya Kubwa kwa Kutumia Ndogo

Unataka mgeni akishakaa kwenye kochi, kabla hata soda haijafika, aulize: "Shemeji, hii mashine ina wati ngapi?" Unaitaka sifa hiyo, ila pesa uliyonayo inatosha amplifaya ya wati 20 kila upande. Usione haya. Sifa inapatikana, tena kwa njia za mkato ambazo mafundi wakubwa duniani wamezipita kabla yako. Sogea karibu, nikuelekeze.

1. Geuza chombo

Ukiingia dukani, iwe Kariakoo au Luthuli Avenue, usoni mwa mashine utasoma namba za maelfu: PMPO 5000, PMPO 12000. Namba hizo hazina kanuni moja inayozibana. Kila kiwanda hujipimia kipendavyo. Wewe geuza chombo. Nyuma, karibu na waya wa umeme, kuna kibandiko kinachoeleza chombo kinakula wati ngapi kutoka ukutani. Kikisema 60, basi hakiwezi kutoa mfululizo zaidi ya 60, na kwa kuwa sehemu ya umeme huo huishia kuwa joto, spika zako mbili zikigawana 30 shukuru. Wati za kuuliza ni za RMS, yaani za mfululizo. Uliza kwa sauti ya chini, kama mtu aliyezoea.

2. Weka pesa kwenye spika

Hapa ndipo penye mzizi wa hila yote, kwa hiyo tulia. Spika ya maana huandikwa desibeli zake: 85, 88, 91, pengine zaidi. Maana yake, ukiipa wati 1 na kusimama mita 1 mbele yake, hiyo ndiyo sauti utakayopata. Wanunuzi huiruka namba hii wakikimbilia wati. Usiiruke. Kila desibeli 3 zinazoongezeka kwenye spika ni sawa na kuizidisha nguvu ya amplifaya mara mbili. Wati 20 zako zikiingia kwenye spika ya desibeli 91 zinatoa sauti ileile ya wati 80 zilizoingia kwenye spika ya 85. Jirani amenunua mashine ya wati 80 na spika ngumu kusukuma. Wewe umenunua spika nyepesi. Mmelingana, na chenji yako bado iko mfukoni.

Kuna habari njema zaidi kwa mpenda sifa. Josef Hofmann, mmoja wa watu watatu ambao herufi za majina yao zilizaa jina la kampuni ya KLH huko Marekani, alionyesha kwamba kwenye spika kuna mambo matatu usiyoweza kuyapata yote pamoja: kasha dogo, besi ya chini kabisa, na wepesi wa kusukumwa. Chagua mawili, la tatu lisamehe. Sisi tunasamehe udogo. Chukua makasha makubwa. Wageni huanza kusikiliza kwa macho, na safari hii macho yao hayatawadanganya, maana ukubwa huo ndio unaokubeba wewe mwenye amplifaya ndogo.

Yatafute kwa wauza mtumba: makasha mazito ya mbao, wufa, yaani spika ya besi, ya inchi 10 au 12. Kabla ya kutoa pesa, gusa ukingo wa wufa kwa kidole. Ukingo wa povu huoza kwa umri na kumeguka hata kama spika ilitunzwa vizuri. Ukimeguka, usiondoke. Punguza bei bila huruma, kisha mpelekee fundi abadilishe ukingo peke yake.

3. Chunga omu, au mashine itakuumbua mbele za watu

Amplifaya nyingi za nyumbani hupenda spika za omu 8, na nyingi huvumilia 4. Omu zikipungua, spika huvuta umeme mwingi zaidi, amplifaya huchemka, na kama haina kinga, hufa. Mtego unaowanasa wengi ni tamaa ya spika nne. Ukiunganisha mbili za omu 8 sambamba, yaani chanya kwa chanya na hasi kwa hasi kwenye tundu moja, amplifaya inaona omu 4. Ukifanya hivyo kwa mbili za omu 4, inaona 2. Hapo ndipo harufu ya kuungua huingia katikati ya hadithi yako.

Hila ni kuziunga kwa foleni: chanya ya amplifaya iende kwenye chanya ya spika ya kwanza, hasi ya spika hiyo iende kwenye chanya ya pili, na hasi ya pili irudi kwenye amplifaya. Mbili za omu 4 zinakuwa 8, na mashine inapumua. Ziwe pacha tu. Za aina tofauti zikiwekwa foleni moja huvurugiana sauti.

Na kama kibandiko cha spika kimeng'oka? Azima mita ya fundi, pima kwenye matundu yake. Spika ya omu 8 kwa kawaida husoma karibu na 6. Ya omu 4 husoma karibu na 3 au zaidi kidogo. Namba huwa chini ya jina kwa sababu mita hupima waya uliotulia, si spika inayoimba. Mwenye duka akikuona umetoa mita mfukoni, ile sifa uliyokuwa ukiitafuta umeanza kuipata hapohapo.

4. Waya wa nyumba unatosha

Kuna waya za spika zinazouzwa kwa bei ya kiwanja. Waachie wenye navyo. Nunua waya wa shaba wa mm 2.5, ule ule mafundi umeme wanaotumia kwenye soketi, lakini chagua ulio laini wenye nyuzi nyingi. Kwa umbali wa mita 5, kwenda na kurudi, upinzani wake ni takribani omu 0.07. Mbele ya spika ya omu 8 hiyo haifiki hata asilimia 1. Pesa uliyookoa irudishe kwenye hatua ya pili.

Usikosee nyekundu na nyeusi. Spika moja ikigeuzwa, mbili hizo husukumana: hii inatoka, ile inaingia, na besi huuana hewani katikati ya chumba. Watu wengi wanalalamikia amplifaya zao kwa kosa la waya mmoja. Weka rumba yenye gita la besi lililoshiba, tuseme ya TPOK Jazz, kaa katikati, sikiliza. Kisha geuza waya za spika moja tu na usikilize tena. Mkao wenye besi nzito, ambao mwimbaji anasimama katikati ya spika mbili badala ya kutawanyika ukutani, ndio sahihi. Kama spika yenyewe haina alama, gusisha betri ndogo ya volti 1.5 kwenye waya za wufa kwa nukta moja. Wufa ikichomoza nje, waya uliogusa chanya ya betri ndio chanya.

5. Omba besi ukutani

Kitufe cha besi ni kitamu, na ndicho kinachomaliza amplifaya ndogo. Ukikipandisha kwa desibeli 10, umeitaka mashine itoe mara 10 ya nguvu kwenye sauti za chini. Wati 20 hazina akiba ya aina hiyo.

Rudisha kitufe katikati na uinuke. Sukuma spika nyuma, karibu na ukuta. Besi inapanda, na hujaongeza wati hata moja. Sogeza kuelekea kona, inapanda zaidi. Paul Klipsch, aliyeanzisha kampuni yake ya spika mjini Hope, Arkansas, mwaka 1946, alijenga spika nzima juu ya siri hii: Klipschorn yake hukaa konani na kuzitumia kuta mbili za nyumba kama sehemu ya mwili wake. Hupita desibeli 100 kwa wati 1. Kwa spika kama hiyo, wati 20 zako ni utajiri.

Kona ina bei yake. Nyumba zetu za tofali na vigae huvuma, na dari ikilegea nayo huimba. Sauti ikianza kuwa nzito mpaka maneno hayasikiki, vuta spika mbele kidogo kidogo mpaka mwimbaji arudi. Tandika zulia, shusha mapazia mazito. Usiharakishe hatua hii. Jioni moja ya kusogeza makasha huleta mabadiliko makubwa kuliko amplifaya mpya.

Na ukiona aibu kuwadanganya watu kuhusu besi, kumbuka BBC. Wahandisi wake katika miaka ya 1970 walitengeneza spika ndogo ya LS3/5a kwa kazi za ndani ya magari ya matangazo. Kasha lile dogo haliwezi kushuka mpaka kwenye besi ya kina, ila sauti zilizo juu kidogo ya hapo zimepewa uvimbe, na sikio huridhika kwamba besi imefika. Spika hiyo inaheshimiwa mpaka leo. Inataka tu kusukumwa kwa nguvu, kwa hiyo mwenye amplifaya ndogo aipende akiwa mbali.

6. Jua ukomo, kisha ujisifie kwa kuuheshimu

Watu huamini ni amplifaya kubwa inayounguza spika. Ndogo huunguza pia, na twita, ile spika ndogo ya sauti za juu, ndiyo hutangulia. Mashine ikifika mwisho wa nguvu haiwezi kulipandisha wimbi zaidi, basi hulikata kichwa. Wimbi lililokatwa hivyo huweza kubeba hadi mara mbili ya nguvu ya wimbi safi, na ziada hiyo huja na sauti kali zinazoelekea kwenye twita, ambayo waya wake ni mwembamba mno kuzistahimili.

Kwa hiyo fanya hivi ukiwa peke yako nyumbani. Weka wimbo unaoujua, panda polepole, sikiliza matoazi na zile "s" za mwimbaji. Zikianza kukwaruza, rudi nyuma kidogo na utie nukta ya kalamu penye kitufe. Usiamini macho: kitufe kikiwa nusu, mashine inaweza kuwa imeshafika mwisho. Rudia kwa simu, kwa runinga, kwa chochote unachochomeka, maana kila kimoja huja na nguvu yake. Tangu siku hiyo nukta ni sheria. Mgeni akisema ongeza, tabasamu, useme: "Tusiwasumbue majirani." Ataamini kuna nguvu nyingine iliyofichwa.

Ukibahatika kuikuta amplifaya ya zamani ya NAD 3020 kwa bei ya haki, usiiache. Ilitoka mwaka 1978, imeandikwa wati 20 kila upande, lakini kwa kishindo kifupi cha ngoma hutoa nguvu inayozidi hizo kwa mbali, na nyuma ina swichi inayolainisha ukataji wa mawimbi mashine inapozidiwa. Ni mashine iliyoundwa kushindwa kwa adabu. Ilipata mashabiki dunia nzima.

7. Kitambaa kiende kwenye spika

Najua sebule zetu. Kila chombo lazima kivae kitambaa cha kufuma, na juu yake vase ya maua ya plastiki. Sikuzuii. Ila matundu ya hewa ya amplifaya yako juu, na kitambaa kikiyaziba, joto halina pa kutokea. Mwambie mama mwenye nyumba kwa heshima kwamba kitambaa kitapendeza zaidi juu ya makasha ya spika, ambayo sasa ni makubwa na yanaonekana tangu mlangoni. Atakubali. Maua yabaki kwenye meza. Kwenye kasha yatatetemeka.

8. Mwonjeshe mgeni kwa mpangilio

Sikio la binadamu likilinganisha mashine mbili, huipenda iliyo juu kidogo, hata tofauti ikiwa desibeli 1 tu, na huiita safi zaidi. Wauzaji wanajua. Ukiwa mnunuzi, dai zote zilingane sauti kabla hujachagua. Ukiwa mwenyeji, anza na wimbo laini kwa sauti ya chini, piga soga, kisha panda taratibu mpaka karibu na nukta yako. Mgeni atadhani mashine imeamka.

Akileta ubishi kwamba ya bei kubwa lazima ilie vizuri zaidi, mpe kisa cha Bob Carver, mtengenezaji wa amplifaya. Mwaka 1985 aliwaambia waandishi wa jarida la Stereophile wachague amplifaya ya kifahari waipendayo, naye ataifanya yake ya bei ya chini ilie kama hiyo. Aliingiza muziki uleule kwenye zote mbili, akatoa sauti ya moja kwenye ya nyingine, akasikiliza kilichobaki, akabadilisha vipuri mpaka kilichobaki kikawa karibu na kimya. Wale waandishi walisikiliza kwa masikio yao yaliyosifika na wakashindwa kuzitenganisha.

Kisha swali la wati likija, nawe ulijua litakuja, jibu kwa desibeli. "Hizi spika ni 91, shemeji." Nyamaza hapo. Mwache aende akaulize mtaani.

9. Usikubali kuitoa nje

Sifa zikienea, siku moja utaombwa uipeleke kwenye kipaimara au kwenye ngoma ya mwana. Kataa. Nje hakuna kuta za kukukopesha besi, na kila umbali ukiongezeka maradufu unapoteza desibeli 6. Aliye mita 3 akisikia vizuri, wa mita 6 anahitaji mara nne ya wati zako, na wa mita 12 mara kumi na sita. Hiyo ni wati 320, na hila zote tulizozipanga hapa zimebaki sebuleni. Changia pesa ya muziki wa kukodi, tena changia mapema. Wakisisitiza, waambie waya haufiki.