Namna ya Kununua Pedi na Diski za Prado Kuukuu Bila Kusoma Chochote

Mwenye Prado la kati ya mwaka 1996 na 2002 ana pesa ya rimu. Ana pesa ya tinti, ana pesa ya redio yenye kioo kikubwa, ana pesa ya taa nyeupe zinazowapofusha wenzake kuanzia Kibaha mpaka Chalinze. Ikifika zamu ya breki ndipo anapokumbuka ada za shule. Mwongozo huu ni wake, na umefuata mila na desturi za maduka na gereji zetu.

Kwanza, subiri. Pedi nyingi zimefungwa kiulimi chembamba cha chuma chenye kazi moja tu: nyama ya pedi ikikaribia kwisha, kiguse diski kipige kelele. Waliokiweka walikuwa na nia njema, lakini wewe unayo redio. Ongeza sauti. Baada ya majuma kadhaa mlio utaacha kuwa filimbi na kuwa msago. Hapo nyama imekwisha, na bati la mgongoni mwa pedi linakwangua diski. Hongera. Ulikuwa ununue kitu kimoja, sasa utanunua viwili. Wapo waoga wanaobadilisha pedi ikibaki milimita 3. Hao diski zao hudumu miaka, na kijiweni hawana la kusimulia.

Ukifika kwenye maduka ya vipuri Gerezani, usishike pedi ya zamani mkononi, wala kadi ya gari, wala namba ya chesisi. Tamka tu: "Nipe pedi za Prado." Ni kweli kwamba Prado hizo zilitoka na injini tofauti, kwa masoko tofauti, na breki zake hazilingani zote. Ni kweli pia kwamba Toyota huzipa sehemu hizi namba: pedi za mbele huanza na 04465, za nyuma 04466, diski za mbele 43512, za nyuma 42431, na tarakimu zinazofuata ndizo zinazotofautisha gari na gari. Lakini namba huharibu mazungumzo. Muuzaji atakutazama, atalitupia gari jicho kama umelipaki karibu, kisha atasema, "Zinaingiliana hizo, bosi." Katika lugha ya dukani kila kitu huingiliana na kila kitu, mradi fundi ana tupa.

Swali lake litahusu uwezo wako: "Unataka og?" Jibu ndiyo. Kuna og yenyewe, kuna og ya Thailand, kuna og ya China, na kuna og ya kawaida, ambayo ni feki iliyopata malezi mazuri. Zote zinakuja ndani ya boksi lenye maandishi mekundu. Likague boksi vizuri. Stika ikimetameta, uchunguzi umekwisha, kwani boksi ndilo litakalofungwa kwenye gurudumu.

Usije ukaitoa pedi yenyewe ukaigeuza. Ukingoni au mgongoni utakuta herufi mbili zilizoandamana, kama EE, FF au GG, ambazo ni mfumo wa Kimarekani wa kupima jinsi pedi inavyoshika. Ya kwanza inaeleza pedi ikiwa katika joto la kawaida, ya pili ikiwa imepata moto. E ni kipimo cha 0.25 hadi 0.35, F ni 0.35 hadi 0.45, G ni 0.45 hadi 0.55. Kwa hiyo pedi iliyoandikwa FE inakutangazia yenyewe, kwa maandishi, kwamba ikichemka italegea. Hilo si jambo la kulijua ukiwa juu ya Kitonga, umetoka Iringa na magunia ya viazi na mashemeji watatu, unateremka kwenda Ruaha Mbuyuni. Huenda pia ukaona alama ya E ndani ya duara ikiandamana na 90R: hiyo ni Kanuni namba 90 ya Umoja wa Mataifa, inayodai kwamba pedi ya badala isipishane na ile iliyokuja na gari kwa zaidi ya asilimia 15. Alama hughushiwa, hilo nakubali. Lakini pedi isiyo na herufi hata moja haijajisumbua hata kukudanganya.

Kuhusu aina, muuzaji atakutajia seramiki kwa sauti ya chini, kama dalali anayetaja kiwanja cha Mbweni. Seramiki ni kimya, vumbi lake halichafui rimu, na kwa safari za Mikocheni hadi Posta inatosha kabisa. Pedi yenye mchanganyiko wa chuma ina kelele kidogo na huila diski zaidi, ila huvumilia joto, na gari zito linaloshuka milima linaitaka hiyo. Ukishaelewa hayo, chagua kwa rangi.

Tuje kwenye diski, ambako ubunifu wetu umekomaa. Kila diski hupigwa muhuri, ukingoni au kwenye kofia yake: MIN TH, kisha namba ya milimita. Maana yake ni fupi: nikifika hapa, nitupe. Toyota nyingi zenye diski ya mbele ya milimita 28 zina mpaka wa 26 au hapo karibu. Yaani umri mzima wa diski ni milimita mbili, moja kila upande. Sisi tunausoma muhuri huo vingine. Diski ikiwa na makovu inapelekwa kwenye mashine kuchongwa, inarudi inang'aa, na fundi anaiinua juu uione. Amekula nusu milimita. Aliyemtangulia naye alikula nusu. Kifaa cha kupima unene huo kipo, ni maikromita, na katika gereji nyingi huwa "kimeazimwa na jamaa". Diski iliyokonda hupata moto upesi, na joto likikosa pa kukaa huhamia kwenye pedi, kisha kwenye kalipa, kisha kwenye mafuta ya breki. Lakini inang'aa.

Halafu kuna usukani kutetemeka ukikanyaga breki. Jibu lipo tayari tangu enzi na enzi: "Diski imepinda." Mara nyingi haijapinda kitu. Pedi imeiachia diski nyama kwa mabaka, au kutu imejenga kwenye habu na diski mpya imefungwa juu yake ikakaa kombo. Kombo dogo lisiloonekana kwa macho linatosha. Baada ya kilomita elfu kadhaa unene wa diski hautalingana pande zote, na mtetemo utarudi pale pale, na utauziwa diski nyingine. Dawa ni brashi ya waya kabla ya kufunga. Haipendwi kwa sababu haiandikiwi risiti.

Zile zenye matundu matundu, kama za magari ya mashindano, nunua tu. Hazitalisimamisha Prado lako mapema zaidi, na matundu ndipo nyufa hupenda kuanzia, lakini zikionekana kupitia kwenye rimu utaheshimika sheli. Na ukiishiwa pesa, badilisha upande mmoja. Gari litavuta upande huo kila ukifunga breki, hivyo hakikisha ni upande usio na mtaro.

Mafuta ya breki yaache kama yalivyo. DOT 3 mapya huchemka kwenye nyuzi 205. Yakishanyonya unyevu huweza kuchemka kwenye 140, na hewa ya Dar ina unyevu wa kumtosha kila mtu. Yakichemka yanatoa mvuke, mvuke unakandamizika, na pedali inazama hadi sakafuni. Wenye gari waliosoma kitabu chake huyabadilisha kila baada ya miaka miwili. Kitabu chako kimeandikwa Kijapani, umesamehewa.

Mwisho ni kuzizoesha pedi na diski. Diski mpya hupakwa mafuta kiwandani zisishike kutu, na hayo yanapaswa kufutwa kabisa kabla pedi haijagusa. Kisha zinatakiwa breki kumi hivi za wastani, kutoka kilomita 60 kwa saa hadi 10, bila kusimama kabisa, na mwendo wa kutosha katikati ili zipoe. Hapo pedi huipaka diski tabaka jembamba lililolingana. Desturi yetu ni fundi kutoka na gari gereji, kukanyaga ghafla mbele ya mama ntilie, na kutangaza, "Zimeshika!" Ukiwa mkaidi na bado unataka kufuata njia ya kwanza, Barabara ya Bagamoyo huwa wazi saa 10 alfajiri. Bodaboda watakupisha wenyewe, wakiamini umelewa.